Damu ya Bursi: Kutoka Lovanium hadi Mikelenge

Tarehe 4 Juni hupita hapa Mikelenge, Kindu, kama siku nyingine yoyote. Wenye watoto inivasite wanahangaika na minervali, yaani karo: mwalimu anapiga hesabu za mshahara ambao haujaingia, mama wa nyumbani kwake anauza gunia la mchele lililobaki, na kijana wao anangoja kwa hamu bordero ya benki, maana bila bordero jina lake haliingii kwenye orodha ya mtihani. Hao ndio wangestahili kuikumbuka tarehe hiyo kuliko wote. Mwaka 1969, siku kama hiyo, wanafunzi walipigwa risasi Kinshasa wakidai bursi, pesa za serikali za kusomea.

Mwanzo wa habari hii unajulikana. Enzi za ukoloni Wabelgiji walitaka makarani, hawakutaka wanasheria, na kijana mweusi mwenye kiu ya masomo ya juu alielekezwa seminari. Hata hivyo Mkongo Thomas Kanza aliingia Chuo Kikuu cha Louvain, Ubelgiji, mwaka 1952. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa Léopoldville (Kinshasa ya leo) mwaka 1954, na chuo cha Elisabethville (Lubumbashi ya leo) mwaka 1956. Patrice Lumumba, aliyepata kufanya kazi katika bati la Maniema huku kwetu, hakuwahi kukalia benchi la chuo kikuu. Mwaka 1961, alipokwisha kuuawa, Wasovieti walikipa jina lake chuo cha Moscow ambacho kiliwafungulia mlango vijana wengi wa Afrika.

Baada ya uhuru serikali ilihitaji wasomi haraka, ikatoa bursi. Pesa hizo hazikuwa za masikini peke yao wala za vipaji vya ajabu. Mtoto wa mfanyakazi wa reli, wa muuguzi au wa karani, akishafaulu na kupokelewa, alikuwa na chumba, chakula na kitu kidogo mfukoni. Aliyetoka Kindu alishuka na mto Lualaba hadi Ubundu, akapanda treni hadi Kisangani. Aliyekwenda Lubumbashi alishika reli ya kusini. Safari ilikuwa ndefu, lakini baba hakulazimika kuuza kiwanja.

Mwanahistoria Pedro Monaville, katika kitabu chake cha mwaka 2022 juu ya wanafunzi wa Kongo, anatukumbusha kwamba vijana hawa hawakuwa watu wa kuombaomba. Walijiona warithi wa uhuru. Mwaka 1967 Rais Mobutu alibadilisha pesa, faranga 1,000 zikawa zaire 1. Maisha yakapanda bei na bursi ikabaki nyuma. Mwaka 1968 chama cha wanafunzi, UGEC, kilipigwa marufuku. Hata hivyo wale wa Lovanium hawakunyamaza: walidai bursi iongezwe, na walidai pia kuwa na sauti katika uongozi wa chuo. Dai la pili, naamini, ndilo lililomkera Mobutu zaidi.

Asubuhi ya tarehe 4 Juni 1969 waliteremka kutoka mlima Amba, kilipokuwa chuo chao, kwenda mjini. Askari walikuwa wameziba njia, vijana wakapenya. Ndipo risasi zikalia. Serikali ilitaja wafu wachache, wanafunzi wakasema ni makumi. Kuna wazazi ambao hawakupewa hata maiti ya kuzika. Viongozi wa wanafunzi walihukumiwa vifungo, kisha wakasamehewa.

Miaka miwili baadaye, tarehe ileile, wenzao waliamua kuwaomboleza kwa mazishi ya ishara. Mama yake Mobutu, Mama Yemo, alikuwa amefariki majuma machache tu kabla ya hapo, na Mobutu akaona anatukanwa msibani. Lovanium ikafungwa, wanafunzi wakaingizwa jeshini kwa nguvu. Kijana aliyeondoka kwao na kalamu akajikuta amenyolewa na kuvaa buti. Mwezi Agosti 1971 vyuo vyote vikuu vikaunganishwa kuwa kimoja, UNAZA, chini ya mkono wa serikali.

Bursi yenyewe iliendelea kukonda, na katika ule mporomoko wa uchumi wa miaka ya 1980 ikafifia. Miaka ya 1990 mambo yaligeuka kabisa: wazazi ndio wakawa wanamlipa mwalimu.

Leo Kindu ina chuo kikuu chake, UNIKI, na hilo ni jambo la kujivunia. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, kama Katiba inavyotaka. Juu ya hapo kuna Excellentia, mpango wa taasisi ya Bibi Denise Nyakeru Tshisekedi kwa wale wanaong'ara katika mtihani wa taifa, na bursi ya BEBUC, iliyoanzishwa na Profesa Gerhard Bringmann wa Ujerumani. Nawapongeza waanzilishi wa mipango hiyo. Lakini hizo ni tuzo za wachache. Mtoto wa mwalimu aliyepata asilimia 62 hana alama za kuitwa Kinshasa kupongezwa, na kwa kuwa baba yake ana mshahara, hakuna anayemhesabu kuwa masikini. Anasoma mwaka mmoja, anakaa nyumbani miwili, halafu tunamkuta barabarani akibeba abiria kwa pikipiki ya mtu.

Wabunge wa jimbo la Maniema wanakaa hapahapa Kindu na kila mwaka wanapitisha bajeti. Waweke humo mstari wa bursi, kwa majina na kwa faranga, na orodha ibandikwe ukutani kwenye komini za Mikelenge, Kasuku na Alunguli, kila mzazi aisome.