Kukosa Mwako: Istilahi ya Gari Linalotetemeka

Fundi wa Bariadi, mkoani Simiyu, akiletewa gari linalotetemeka mara tu linapowashwa, mara nyingi hujibu kwa neno moja: "Linamisi." Kumisi ni neno la gereji nyingi nchini, lakini mwenye gari huondoka bila kujua kilichokosekana. Istilahi inayofaa ni kukosa mwako. Kutetemeka ni dalili. Kukosa mwako ndicho chanzo.

Mwako ni neno la vitabu vyetu vya sayansi: kuungua kwa mafuta yaliyochanganyika na hewa. Injini ya petroli ya silinda nne, ikiwa sailensi, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, kwa mizunguko 750 kwa dakika, hupata miwako 25 kila sekunde, silinda zikipokezana. Moja ikikosa mwako, msukumo hukatika takriban mara sita kwa sekunde, na gari zima hutikisika. Ukikanyaga mafuta, mapengo hayo hufuatana upesi na mtetemo hufifia. Ndiyo maana wengi hudhani gari limepona.

Mwako wa petroli unahitaji hewa, mafuta, cheche na mgandamizo. Istilahi yenyewe inamtaka fundi aulize: kipi kimekosekana? Anza na hewa: Simiyu ni mkoa wa pamba, na kiangazi malori huchafua hewa kwa vumbi katika barabara za udongo za Itilima na Meatu. Chujio la hewa huziba mapema, hivyo likaguliwe kabla ya muda uliotajwa kwenye kitabu cha gari. Mafuta yaliyohifadhiwa kwenye vidumu yanaweza kuingia maji, na nozeli chafu hunyunyiza vibaya. Upande wa cheche, kagua plagi, kisha hamisha koili ya silinda inayokosa mwako uiweke kwenye silinda nyingine. Tatizo likihama nayo, koili ndiyo mbovu. Mashine ya kusomea hitilafu husaidia pia: P0301 inaelekeza kwenye silinda ya kwanza, P0302 ya pili. Mgandamizo hupimwa kwa geji. Ukiwa mdogo, valvu au ringi za pistoni zinahusika.

Si kila mtetemo ni kukosa mwako. Injini ikinguruma sawasawa lakini bodi linatikisika, hasa gia ya otomatiki ikiwekwa, kagua mauntingi, yaani raba zinazobeba injini.

Usiendelee kuendesha gari linalokosa mwako. Petroli isiyoungua huingia kwenye ekzosi, huungulia ndani ya masega yanayosafisha moshi na huweza kuyayeyusha, na masega ni ghali kuliko plagi.

Kumisi na kuendelee gereji, lakini walimu wa VETA na waandishi wa vitabu vya ufundi watumie kukosa mwako. Nawe dereva, ukifika kwa fundi, mweleze gari linatetemeka wakati gani, kisha muulize silinda ipi imekosa mwako na kwa nini, kabla hujatoa fedha ya kununua kipuri.