Wataalamu wanachunguza dini namna gani? Mifano kutoka Butembo na Beni

Mtu anayetembea Rughenda siku ya yenga asubuhi anapishana na Wakatoliki wanaotoka misa, Wabaptisti wa CBCA, na watu wa makanisa ya uamsho wanaoimba toka usiku. Kila mmoja anajua kanisa lake linafundisha nini. Swali la watafiti ni lingine: hiyo imani inafanya kazi gani katika maisha ya watu, na mambo gani yanawekwa juu yake bure?

Mwenye kuchunguza dini haombwi kuacha imani yake. Anaombwa kuiweka pembeni kidogo wakati anauliza maswali, sawa hakimu anayesikiliza kesi ya jirani yake.

Mfano mmoja unaofundishwa sana unatoka kwa Wazande, kabila ambalo kwetu Congo liko upande wa Uele. Mwingereza E. E. Evans-Pritchard alikaa kwao upande wa Sudan, na kitabu chake kilitoka 1937. Anaeleza juu ya ghala la nafaka linaloanguka na kuumiza watu walioketi kivulini. Wazande walijua vizuri kama mchwa ndio walikula nguzo. Lakini walibaki wanauliza: juu ya nini liliangukia hawa watu, na kwa saa hii hii? Uchawi ndio ulijibu hilo swali la pili.

Wakati wa Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 kisha kuua watu 2,287, hayo maswali mawili yalisikika sana huku. Muuguzi alieleza virusi. Jamaa nao waliuliza: juu ya nini baba yetu, na si jirani aliyekula naye? Kuwaita wajinga hakukusaidia kitu. Waliuliza jambo ambalo muuguzi hakuwa nalo jibu.

Mfaransa Émile Durkheim, mwaka 1912, alifuata njia nyingine. Kwake, ibada ndiyo inayofunga watu pamoja na kuwafanya wajisikie kuwa jamii moja. (Aliandika sana juu ya wenyeji wa Australia bila kufika kwao hata siku moja, na wengi walimlaumu kwa hilo.) Ukifuata mawazo yake, kilio hakiko tu kwa ajili ya marehemu, kinashonesha tena jamaa lililopasuka. Maiti ikichukuliwa na watu waliovaa plastiki, bila kuoshwa wala kuombewa na wake, mshono haupatikani. Ni kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani lilikaa na viongozi wa dini mwaka 2014, wakati wa Ebola ya Afrika ya Magharibi, wakaandika utaratibu wa mazishi salama na yenye heshima.

Lakini hapa inapashwa kuwa mwangalifu. Wengine walisema watu wa Beni na Butembo walikataa timu za Ebola juu ya dini na mila. Hiyo haitoshi. Mauaji ya raia katika eneo la Beni yalikuwa yameanza tangu Oktoba 2014. Kisha, Desemba 2018, tume ya uchaguzi iliahirisha kura Beni na Butembo, ikitaja Ebola na usalama mdogo, wakati makanisa na masoko yalikuwa wazi kila siku. Mtu aliyeambiwa anaweza kuomba pamoja na wenzake, lakini hawezi kupiga kura pamoja nao, hakuhitaji mchawi ili awe na mashaka.

Max Weber, Mjerumani, aliuliza mwaka 1904 na 1905 kama nidhamu ya Waprotestanti fulani ilisaidia ubepari kukua. Wengine wanapenda kutumia hilo swali kwa wafanyabiashara Wanande. Lakini Butembo, Mkatoliki na Mbaptisti wanauza duka kwa duka, kwa hiyo jibu si rahisi vile.

Okot p'Bitek wa Uganda, mwaka 1970, alilaumu wamisionari na hata wasomi Waafrika kama John Mbiti. Alisema wanavalisha miungu ya Afrika nguo za kigeni, ni kusema wanatafuta kwetu kile walichosoma kwao.

Swali ambalo ni zito kuliko yote huku ni la ADF. Kundi hilo lilianzia Uganda miaka ya 1990, likaungana na NALU ambayo haikuwa ya kidini. Kiongozi wake Jamil Mukulu alikamatwa Tanzania mwaka 2015. Aprili 2019, Dola la Kiislamu lilijitangaza kwa mara ya kwanza kuwa ndilo lilifanya shambulio katika eneo hilo. Je, ni dini inayoua?

Wafaransa wawili wamebishana sana juu ya swali kama hilo. Gilles Kepel anasema inapashwa kusoma mahubiri yenyewe. Olivier Roy anasema hasira inakuja kwanza, kisha inatafuta nguo ya dini ya kuvaa. Kwa Beni, hata hao wawili hawatoshi: Groupe d'Étude sur le Congo, kuanzia ripoti yake ya 2016, ilionyesha kama katika mauaji walikuwemo wahusika wengine pia, si ADF peke yao.

Tofauti ya majibu inafika mpaka mlangoni kwa Waislamu wa Beni, ambao ni wachache na wanatazamwa kwa jicho baya kila shambulio likitokea. Tarehe 1 Mei 2021, Sheikh Ali Amini alipigwa risasi ndani ya msikiti wa Beni, saa ya sala ya jioni. Alijulikana kwa kusema wazi, hata redioni, juu ya ubaya wa makundi yenye silaha. Mwenye kusema “ni dini yao” bado hajaeleza yeye aliuawa juu ya nini.