Matandazo, Mbolea ya Kuloweka na Jani la Komfrei

Masika yakikatika, mashamba mengi ya Kilwa na pwani ya Lindi husafishwa kwa mtindo mmoja. Magugu hupaliliwa, hukusanywa biwi, na biwi likikauka hutiwa moto. Shamba lililobaki tupu chini ya michungwa ndilo linalosifiwa kuwa la mtu anayejua kazi. Ukiiacha barabara kuu pale Njia Nne na kupanda kwenda Kipatimu, kwenye Milima ya Matumbi, utauona usafi huo unavyogharimu: mteremko uliokwanguliwa kwa jembe hauna cha kuizuia mvua ya vuli, na udongo wa juu, ambao ndio wenye rutuba, huteremka na maji. Moto nao una hasara yake. Naitrojeni iliyokuwa ndani ya majani hupotea hewani pamoja na moshi. Potasiamu hubaki kwenye majivu, lakini mvua kubwa za mwanzo huichukua.

Dawa ya hasara hiyo ina jina zuri la Kiswahili, nalo ni matandazo. Mzizi wake ni tanda, kitenzi kile kile tunachokitumia mawingu yanapotanda. Kutandaza ni kukieneza kitu mpaka kifunike, na matandazo ndicho kilichoenezwa: nyasi kavu, mabua, makuti, majani ya mgomba, chochote kilichokuwa hai kinacholazwa juu ya udongo na kuachwa hapo. Walioiunda istilahi hii wangeweza kuazima neno la kigeni na kulitia irabu mwishoni. Hawakufanya hivyo, na ninawashukuru, kwa sababu mkulima akilisikia tu neno lenyewe amekwisha kuelezwa kazi. Wala kazi hiyo si ngeni nchini. Wakulima wa migomba na kahawa wa Kagera wametandaza nyasi kwenye vibanja vyao vizazi na vizazi, bila kungoja semina.

Ugumu unaanza pale matandazo yanapotiwa kwenye kapu moja na mbolea. Mtu akiambiwa "weka mbolea ya majani", afanye nini? Anaweza kuyafukia majani mabichi ardhini kabla ya kupanda. Anaweza kuyatandaza juu. Anaweza kuyaloweka kwenye pipa na kumwagilia maji yake. Na akienda dukani kuuliza mbolea ya majani, atauziwa chupa ya dawa ya kiwandani ya kupulizia kwenye majani ya mmea. Hizo ni kazi nne zenye matokeo manne, na jina moja haliwezi kuzibeba zote.

Lugha yetu inao uwezo wa kupambanua. Neno samadi limetoka Kiarabu, ambako lina maana ya mbolea yoyote. Sisi tumelipunguza upana hadi likabaki kwa kinyesi cha mifugo. Mboji tumeipa majani na takataka zilizokwisha kuoza zikawa udongo mweusi. Kwa mpango huo huo, matandazo yabaki na maana yake: kazi yake ya kwanza ni kufunika. Huzuia jua lisiunyonye unyevu, huvunja nguvu ya matone ya mvua, huyanyima magugu mwanga. Kulisha udongo huja baadaye, polepole, kadiri yanavyooza.

Tofauti hii ndiyo inayomwongoza mtu kuchagua cha kutandaza. Nyasi kavu na mabua yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo, kwa hiyo hudumu. Yalazwe juu, yasichanganywe na udongo, maana yakifukiwa, vijidudu vinavyoyaozesha huichukua naitrojeni ya udongoni na mazao hugeuka manjano. Majani laini mabichi ni kinyume chake: yana naitrojeni nyingi na huyeyuka ndani ya wiki chache, yakaacha ardhi wazi tena. Mwenye michungwa Kipatimu ana vyote viwili karibu. Makuti ya zamani na makumbi ya nazi, ambayo yana potasiamu ya kutosha, yatakaa muda mrefu. Matawi na majani ya mbaazi yataoza upesi na kulisha. Yachanganye, majani laini chini na magumu juu, unene wa sentimita 5 hadi 10, na uyatandaze masika yanapoishia, udongo ungali umelowa, kabla kiangazi cha Juni hadi Oktoba hakijaukausha. Acha shubiri moja wazi kuzunguka shina. Unyevu ukigusa gome la mchungwa kwa muda mrefu hukaribisha ugonjwa wa kuoza shina, na mchwa, ambao hupenda makuti makavu, hupata njia ya kuufikia mti.

Sasa jani la komfrei, ambalo vitabu vya bustani vya Ulaya vinalisifu kuliko yote kwa kazi hizi mbili, matandazo na maji ya kulishia mimea. Jina lake la kitaalamu, Symphytum, limetoka kwenye kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuungana, kwa kuwa wazee wa Ulaya waliufunga mmea huo kwenye mifupa iliyovunjika. Kiswahili hakina jina lake la asili, na si ajabu: ni mmea wa Ulaya na magharibi mwa Asia, unaopenda ubaridi na udongo usiokauka. Komfrei, kwa tahajia hiyo, inatosha. Mwingereza Lawrence Hills alifanya majaribio ya aina nyingi za komfrei kijijini Bocking, katika jimbo la Essex, miaka ya 1950, na aina moja aliyoichagua inaitwa Bocking 14 mpaka leo. Haitoi mbegu za kuota. Huenezwa kwa vipande vya mizizi, kwa hiyo haitapakai ovyo. Majani yake hukatwa mara kadhaa kwa mwaka na yana potasiamu nyingi, kirutubisho ambacho nyanya, ndizi na michungwa huhitaji wakati wa kuzaa.

Katika nyanda za juu za Kenya komfrei hustawi, na wako wanaoipanda. Joto la Kilwa si lake, na simshauri mtu wa Kipatimu atumie fedha kuitafuta. Kwa Afrika Mashariki, mmea unaoikaribia kwa sifa ni alizeti pori, Tithonia diversifolia, wenye asili ya Mexiko na Amerika ya Kati, ambao leo umejaa kando ya barabara za sehemu nyingi zenye mvua. Watafiti waliofanya kazi magharibi mwa Kenya tangu miaka ya 1990 walipima majani yake makavu wakakuta naitrojeni kama asilimia 3.5, potasiamu kama asilimia 4 na fosforasi chini ya asilimia 0.4. Takwimu hizo zinaeleza nguvu yake na pia upungufu wake. Fosforasi itabaki haba, na anayeihitaji ataitafuta kwingine, kwa mfano kwenye unga wa mwamba wa fosfeti unaochimbwa Minjingu, mkoani Manyara. Pale ambapo alizeti pori haipo, majani ya mbaazi na kunde yatafanya kazi ya jamii hiyo hiyo, hasa kwa naitrojeni.

Namna ya kuyaloweka ni rahisi. Majani hukatwakatwa, hutiwa kwenye gunia, gunia hutumbukizwa kwenye pipa la maji lenye kifuniko na kukorogwa kila baada ya siku chache. Kilo moja ya majani kwa lita 10 hadi 15 za maji inafaa. Baada ya wiki mbili au tatu maji hugeuka rangi na kunuka vibaya. Huzimuliwa kwa maji safi, kisha humwagiwa chini ya mmea, penye mizizi, ardhi ikiwa imelowa.

Maji haya ndiyo ambayo mafunzo mengi ya kilimo hai nchini huyaita "chai ya mimea". Jina limetoka kwenye rangi na kwenye kuloweka, na kaka yake, "chai ya samadi", halina hatari, kwa kuwa hakuna atakayekunywa kinyesi cha ng'ombe. Kwa majani ninalikataa. Nyumbani kwetu chai ya mimea ni kinywaji: mchaichai, tangawizi, mdalasini. Na mimea inayolowekwa ndiyo ile ile ambayo watu wameizoea kama dawa. Alizeti pori huchemshwa na kunywewa kwa homa na tumbo katika sehemu kadhaa za Afrika Mashariki. Komfrei ilinywewa kama chai Ulaya na Marekani miaka mingi, mpaka ikathibitika kuwa ina kemikali za kundi la pirolizidini zinazoharibu ini. Mwaka 2001 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwataka watengenezaji waziondoe sokoni bidhaa za komfrei za kumeza. Mtoto akitumwa kuleta chai ya mimea, na pipa halina maandishi, neno lenyewe litakuwa limeshiriki kosa.

Wapo wanaopendekeza "mbolea ya maji", lakini jina hilo limekwisha kuchukuliwa na chupa za dukani. Mimi napendekeza "mbolea ya kuloweka". Kila mtu wa pwani anajua kuloweka, iwe choroko au nguo, na neno mbolea huondoa shaka ya kunywa. Mwenye kutaka kutaja chanzo ataongeza: mbolea ya kuloweka ya mbaazi, ya alizeti pori, ya komfrei.

Katika Milima hiyo ya Matumbi, mahali paitwapo Nandete, Julai 1905, watu waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, na vita vya Majimaji vikaanza. Kilimo kilichokuja kwa amri watu wa huko wanakijua vyema. Elimu ya kilimo inayowafikia leo inapaswa kuja kwa maneno ambayo mkulima anaweza kuyapima mwenyewe: hiki ni cha kufunika, hiki cha kulisha, hiki si cha kunywa.

Ombi langu kwa maofisa ugani, walimu wa kilimo hai na wahariri wa vijitabu ni mambo mawili. Msiyaite matandazo mbolea, na mahali mlipoandika "chai ya mimea" wekeni "mbolea ya kuloweka". Na wewe mwenye pipa, lifunike, liandike jina, uliweke mbali na maji ya nyumbani.