Swali la Rumanyika na Kicheko cha Voltaire

Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliingia Karagwe, ufalme uliokuwa kaskazini-magharibi mwa Tanzania ya leo, na kupokewa na mfalme wake, Omukama Rumanyika. Grant alikuwa na kidonda kibaya mguuni. Alibaki mikononi mwa mwenyeji wake hadi Aprili 1862, mwenzake akiwa ameshatangulia Buganda. Barazani, Rumanyika aliuliza mengi. Je, jua la leo ndilo lile la jana, au kila siku huchomoza jipya? Na mwezi, mbona hubadilisha uso wake: huwa unawacheka wanadamu walioko chini? Speke aliyahifadhi maswali hayo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1863.

Anayemjua Voltaire hawezi kulipita swali hilo la mwisho bila kusimama. Mwaka 1752 mwandishi huyo Mfaransa alitoa hadithi ya Micromégas, jitu kutoka sayari ya nyota Sirius linalozuru dunia pamoja na msafiri mwenzake na kukuta wanafalsafa wadogo kuliko wadudu. Mmoja wao analiambia kwamba wageni hao, dunia zao, majua yao na nyota zao, vyote viliumbwa kwa ajili ya binadamu. Jitu na mwenzake wanaangua kicheko hata kujizuia hawawezi. Mfalme wa Karagwe, ambaye hakuwahi kukiona kitabu hicho, alikuwa ameishika hoja yenyewe: kwamba kwa anayetazama kutoka juu, majivuno yetu ni kichekesho.

Kwa Voltaire kicheko hakikuwa burudani tupu. Tarehe 10 Machi 1762 mjini Toulouse, mfanyabiashara wa nguo, Jean Calas, Mprotestanti, aliuawa kwa kuvunjwa viungo kwenye gurudumu. Alidaiwa kumuua mwanawe ili asiingie Ukatoliki. Ushahidi ulikuwa dhaifu, lakini umma ulikwisha kuamini. Voltaire aliishikilia kesi hiyo kwa barua na vijitabu, akatoa risala yake juu ya kuvumiliana mwaka 1763, na tarehe 9 Machi 1765 Calas akatangazwa hana hatia. Hoja yake kuu ni nyepesi kueleza na ngumu kutekeleza: kwa kuwa sote ni dhaifu na sote hukosea, tunadaiana msamaha. Kiswahili kinaibeba hoja hiyo ndani ya kitenzi. Kuvumilia ni kazi ya mmoja, pengine mwenye nguvu anayemhurumia mnyonge. Kuvumiliana ni deni la pande zote mbili.

Wengi wanaomsifu huishia hapo. Ni kosa. Katika kitabu chake cha historia ya desturi za mataifa, cha mwaka 1756, Voltaire huyohuyo aliwaeleza Waafrika kama aina nyingine ya watu, iliyo chini kwa akili. Aliyewafundisha Wazungu kuwacheka wenye uhakika wa kupindukia alikuwa na uhakika wa kupindukia juu ya watu ambao hakuwahi kufika kwao. Hapo hakujicheka.

Upofu wa namna hiyo ulifika hadi barazani kwa Rumanyika. Speke alifungua Biblia, akaanza na Adamu, akamweleza mwenyeji wake kwamba yeye na watawala wenzake walitokana na Wahabeshi, tofauti na raia wao. Hakuwa na ushahidi. Yeye mwenyewe aliiita nadharia. Hata hivyo aliitengea sura nzima kitabuni, na kutoka hapo wazo la “Wahami” waliokuja kutawala likaenea. Utawala wa Kibelgiji ulilipa wazo hilo nguvu nchini Rwanda, ukiwahesabu Watutsi kuwa Wahami hao, ukagawa vitambulisho vya kabila miaka ya 1930. Tarehe 22 Novemba 1992 mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia mkutano akitaka Watutsi warudishwe Ethiopia kupitia Mto Nyabarongo. Nyabarongo humwaga maji yake katika Mto Kagera, mpaka wa wilaya za Karagwe na Kyerwa, Tanzania, kwa upande wa Rwanda. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Watutsi, maiti zilielea mtoni humo hadi Ziwa Victoria, na mwishoni mwa Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi.

Ndiyo maana makala hii inashikilia kwamba upumbavu wa kuogopwa zaidi ni ule unaodai kujua asili ya mtu mwingine kuliko anavyoijua mwenyewe. Ujinga wa Rumanyika kuhusu jua haukumdhuru yeyote, kwa sababu ulikuja kama swali.

Katika kata ya Nyabiyonza, kama kwingineko Karagwe na Kyerwa, hukaa Wanyambo pamoja na Wahaya, Wakiga na wenye asili ya Rwanda. Wanaoana, wanauziana ndizi na maharage, wanazikana. Lakini Julai 2013 wahamiaji wasio na vibali walipewa siku 14 kuondoka, na Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa waliosalia katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Serikali yoyote ina haki ya kulinda mpaka wake, na ujambazi wa wakati ule ulikuwa wa kweli. Hata hivyo miongoni mwa waliovuka kurudi Rwanda walikuwamo watu waliokwisha kuishi Tanzania kwa miongo, wengine wakiacha wenzi na watoto. Kwao swali la asili lilikuja likiwa limeshajibiwa.

Walimu wa historia wa Karagwe na Kyerwa wana nyenzo ambayo shule nyingi za Ulaya hazina: baraza lenyewe lilikuwa kwao. Wawasomee wanafunzi maswali ya Rumanyika na majibu ya Speke, sambamba, kisha wawaachie wao wapime ni nani kati ya wawili hao alikuwa mwanafunzi wa Voltaire.