Kamani au springi?

Katika gereji za Chala, wilayani Nkasi, neno ni springi. Kamusi zina kamani pia: springi ya saa. Asili yake ni Kiajemi, kaman, yaani upinde.

Na upinde ndio kazi yenyewe: hukazwa, kisha hurudi.

Injini ya mipigo minne ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 3,000. Kemshafti, mhimili wenye nundu, huisukuma; springi huirudisha. Fundi akifunga kemshafti yenye nundu ndefu zaidi, springi laini huchelewa, na pistoni yaweza kuigonga valvu; ngumu kupita kiasi husaga nundu. Hivyo hupima urefu wa springi valvu ikiwa imefungwa, kisha ikiwa wazi kabisa, ili mapindo ya waya yasigusane. Urefu wa kwanza ukizidi, huweka washa chini ya springi.