Yvonne Adhiambo Owuor

Yvonne Adhiambo Owuor (alizaliwa Nairobi, 1968) ni mwandishi wa riwaya na hadithi fupi kutoka Kenya. Huandika kwa Kiingereza.

Maisha

Alisoma katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, kisha Uingereza na Australia. Kati ya 2003 na 2005 aliongoza Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar.

Kazi

Mwaka 2003 alitunukiwa Tuzo ya Caine kwa hadithi "Weight of Whispers", iliyotolewa na jarida la Kwani? la Nairobi. Mhusika wake mkuu ni mwana wa ukoo wa kifalme wa Rwanda, aliyekimbilia Nairobi wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994 na kujikuta mkimbizi kama wengine.

Riwaya yake ya kwanza, Dust (2014), inaanza na kijana Odidi akipigwa risasi mitaani Nairobi, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007. Dada yake Ajany anarejea kutoka Brazili, na maiti inapelekwa nyumbani kaskazini mwa Kenya. Nyumba yao inaitwa Wuoth Ogik, yaani "safari imekwisha" kwa Kijaluo. Ilijengwa na mkoloni Mwingereza, na mwana wa mkoloni huyo anapokuja kumtafuta baba yake, siri za familia zinaanza kufumuka pamoja na za taifa: vita vya Mau Mau dhidi ya ukoloni na kuuawa kwa waziri Tom Mboya mwaka 1969. Riwaya hiyo ilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 2015.

The Dragonfly Sea (2019) inahamia kisiwa cha Pate, kwenye pwani ya Kenya. Ayaana, binti asiyemjua baba yake, hushinda kwenye mikoko akitazama majahazi, hadi anapomchagua baharia mzee Muhidin awe babaye. Baadaye anapelekwa China, akihesabiwa kuwa mzawa wa mabaharia wa Zheng He, amiri wa China, waliovunjikiwa na chombo karne ya 15. Masimulizi ya asili hiyo yapo kweli huko Pate.

Maudhui na mtindo

Wahusika wa Owuor wanaishi na watu wasiokuwepo: baba aliyepotea, kaka aliyekufa, nchi iliyoachwa nyuma. Wazazi hunyamaza, watoto ndio wanaouliza. Sentensi zake nyingi ni fupi, na maneno ya Kiswahili huingia bila kutafsiriwa. Msomaji wa pwani anayasoma kama mwenyeji, ilhali mgeni hulazimika kukisia.