Mstari Si Sentensi: Kutafuta na Kubadilisha Matini kwa Amri za Kompyuta

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Mtafiti amerekodi mazungumzo ya Kiswahili cha Kisangani, ameyanakili katika kompyuta, na sasa anataka kuandaa nakala ya pili katika Kiswahili sanifu. Anaiamuru mashine itafute «batu bengi» na mahali pake iweke «watu wengi». Mashine inatii. Hata hivyo, pale ambapo «batu» limeangukia mwisho wa mstari na «bengi» mwanzo wa mstari unaofuata, hakuna kilichobadilika, wala hakuna onyo lililotolewa. Akitoa hesabu ya matokeo, hesabu hiyo ni pungufu. Na akiridhika kubadilisha «batu» peke yake, atapata «watu bengi», upatanisho wa kisarufi ambao msemaji wake hakuutamka na ambao usanifu haukubali.

Chanzo cha kasoro hii kimo katika historia ya vifaa vyenyewe. Mwaka 1969, Ken Thompson wa maabara ya Bell huko Marekani alitunga programu ya kuhariri matini iitwayo ed. Watumiaji wake hawakuwa na kioo cha kutazama ukurasa. Walikuwa na mashine iliyochapa juu ya karatasi, mstari baada ya mstari. Kabla ya hapo, kadi za IBM zenye safu 80, zilizotumika tangu mwaka 1928, zilikuwa zimekwisha kuwazoeza watu kuona kadi moja kuwa mstari mmoja. Thompson aliingiza katika ed lugha ya kueleza ruwaza iliyotokana na hisabati ya Stephen Kleene, nayo ni zana yenye nguvu ya kustaajabisha. Lakini ruwaza hiyo ilitafutwa ndani ya mstari, ikakoma ukingoni mwake.

Yapendeza kuona kwamba hatua iliyofuata ilitokana na swali la wanafilolojia. Brian Kernighan husimulia kwamba Lee McMahon, mwenzao katika maabara hiyo, alitaka kuchunguza insha 85 za kisiasa za Marekani za miaka ya 1787 na 1788, ambazo waandishi wa baadhi yake walibishaniwa. Matini hayo yalizidi uwezo wa ed. Ndipo Thompson akaitenga amri ya kutafuta ikawa programu inayojitegemea, grep, iliyosambazwa mwaka 1973. Naye McMahon, katika miaka hiyohiyo, akatunga sed, ambayo husoma matini kama mto unavyopita: huchukua mstari, huubadilisha, huutoa, kisha huusahau.

Kusahau huko ndiko kulikoiwezesha kusoma matini marefu kwa kumbukumbu ndogo, na ndiko pia kulikoizuia kuona fungu la maneno lililopita mstari mmoja. McMahon aliacha mlango: amri N huuongeza mstari unaofuata kwenye ule ulioshikwa. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo mtego ulipo. N ikitumiwa peke yake hushika mistari miwili miwili, wa kwanza na wa pili, kisha wa tatu na wa nne. Fungu lililokatika kati ya wa pili na wa tatu hupita bila kuonekana. Tiba yake ni kuongeza P, inayotoa mstari wa kwanza wa jozi, na D, inayoufuta huku ikiuacha wa pili usubiri mwenzake:

sed '$!N; s/batu\nbengi/watu\nwengi/; P; D'

Kwa hiyo kila mstari huonana na jirani zake wote wawili. (Fungu lililo ndani ya mstari mmoja lahitaji kanuni yake yenyewe.)

Hapa Kisangani hoja hii isingepaswa kutushangaza. John Carrington, mmisionari wa Yakusu, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1949 juu ya ngoma zinazosema kwamba katika Kilokele maneno «songe», mwezi, na «koko», kuku, yana toni zilezile mbili za juu. Ngoma ikipiga neno peke yake haieleweki. Kwa hiyo mpigaji hupiga fungu zima, na msikilizaji hutambua fungu, si neno.

Mwaka 1977 ilitokea awk, inayoweza kuhesabu aya nzima kuwa kipande kimoja. Mwaka 1987 Rob Pike aliandika makala akilaumu waziwazi utawala wa mstari, na mwaka huohuo Larry Wall akatoa Perl, inayoweza kumeza faili zima kwa mara moja. Wall alisomea isimu akikusudia kwenda kuandika lugha ambayo haijaandikwa, labda barani Afrika. Uwezo huo nao una hatari yake: ruwaza isiyowekewa mpaka huanzia swali la kwanza la mahojiano na kuishia jibu la mwisho, ikifuta sauti zote za katikati.

Nasi tunayo matini ambayo mipaka yake yenyewe ni ushahidi. Historia ya Elisabethville, iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 na kuchapishwa na Johannes Fabian mwaka 1990, haigawi maneno kama sarufi zetu zigawavyo. Fabian hakuipitisha katika kanuni za kubadilisha. Alimwomba Kalundi Mango aisome kwa sauti, kisha akanakili kutokana na sauti hiyo. Kanuni moja ya kuunganisha maneno ya Yav ingemaliza kazi hiyo kwa sekunde chache, na mtafiti wa kesho asingejua kamwe ni wapi mwandishi mwenyewe alipoinua kalamu.